Somo: Mlima Wako wa Kwanza Wakati wa Theluji (Mount Willard, New Hampshire)

Kila Desemba ndugu waliohamia karibuni Marekani, huku Manchester na Concord (New Hampshire), Lewiston na Portland (Maine), huuliza jambo lile lile: hii milima myeupe ya kaskazini, mtu anaweza kuipanda sasa hivi au tusubiri mpaka Juni? Anaweza, na mimi namshauri apande, maana kujifungia ndani msimu mzima wa baridi kunachosha roho. Lakini ajiandae kwanza. Somo hili ni la mtu ambaye hajawahi hata mara moja kutembea mlimani kwenye theluji. Nitatumia mlima mmoja tu, Mount Willard, ulioko Crawford Notch katika jimbo la New Hampshire.

Kabla ya hatua yoyote, shika neno hili: ogopa kulowa kuliko unavyoogopa baridi. Mtu anayepanda mlima hutoa joto jingi, hata hewa ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri. Anayepata taabu mara nyingi ni yule aliyelowa, kwa jasho lake mwenyewe au kwa theluji iliyoyeyukia kwenye nguo, kisha akasimama kupumzika. Nguo zikishalowa, joto la mwili linatoka kwa kasi na halirudi kirahisi. Karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini kinahusu kubaki mkavu.

Hatua ya 1: Chagua mlima mdogo

Mount Willard haufiki mita 900 kutoka usawa wa bahari. Njia inaanzia nyuma ya stesheni ya zamani ya treni ya Crawford, jengo la mwaka 1891, kando ya barabara namba 302. Unavuka reli, unafuata njia ya Avalon kidogo, halafu unakata kushoto kwenye njia ya Willard. Kwenda tu ni kilomita 2.6 hivi na unapanda mita zipatazo 275. Zamani sehemu kubwa ya njia hii ilikuwa ya magari ya farasi, ndiyo maana inapanda taratibu. Miti inakukinga na upepo karibu mwanzo hadi mwisho, na hilo kwa mgeni ni jambo kubwa sana.

Juu kuna jabali lililo wazi. Ukisimama pale unaona bonde zima likiwa chini yako, mlima Webster upande mmoja na Willey upande wa pili. Ni mandhari ambayo milima mingi mikubwa zaidi haina. Ila kaa mbali na ukingo. Mwamba umekatika wima, na theluji inaweza kuficha barafu chini yake.

Kutoka Manchester au Portland ni mwendo wa gari wa kama saa mbili, barabara ikiwa imesafishwa.

Hatua ya 2: Soma hali ya hewa ya mlimani, si ya mjini

Jirani wa Willard, Mount Washington, ana mita 1,917. Tarehe 12 Aprili 1934 watu wa kituo cha hali ya hewa kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Februari 2023 joto pale lilishuka hadi nyuzi 44 chini ya sifuri. Willard uko chini sana kuliko hapo, lakini hewa inayopita ni ya eneo moja. Kituo hicho hutoa utabiri wa vilele vya juu kila siku bila malipo. Usome jioni ya kuamkia safari, na asubuhi usome tena kabla ya kuwasha gari.

Tazama upepo kwanza. Ikiwa ni nyuzi 5 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 15 chini ya sifuri na hewa imetulia. Kisha tazama mvua. Wengi huona siku ya nyuzi 1 juu ya sifuri kuwa nzuri kwa sababu "baridi imepungua". Ikinyesha siku hiyo utalowa mpaka ndani, na hiyo ni hatari kuliko nyuzi 10 chini ya sifuri penye ukavu na jua. Kwa safari ya kwanza subiri siku kavu yenye upepo mdogo. Wiki nzima ikikataa, ahirisha.

Hatua ya 3: Andika saa ya kugeuka

Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza karibu saa moja na robo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni. Ndani ya msitu giza linatangulia. Anza kutembea saa nne asubuhi. Kupanda kutachukua saa moja na nusu hadi mbili ukiwa mgeni wa theluji. Saa ya kugeuka iwe saa saba mchana: popote mtakapokuwa, hata kilele kikionekana, mnageuka. Uamuzi huo ufanywe nyumbani, kwa sababu mtu aliyechoka na kupigwa baridi hapimi mambo vizuri.

Mwachie mtu ujumbe: mlima gani, njia ipi, gari limeegeshwa wapi, na saa ambayo akiona kimya apige 911, namba ya dharura. Mtandao wa simu ndani ya Crawford Notch ni wa kubahatisha.

Hatua ya 4: Nguo

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Pamba ibaki nyumbani. Yote: fulana, jinzi, soksi, chupi, hata ile sweta yenye kofia unayoipenda. Pamba inanyonya jasho, inalishika, na haikauki. Karibu na ngozi vaa sufu laini au polista, ile ya nguo za michezo. Juu yake vaa flisi (sweta laini ya manyoya mafupi ya polista) au sweta ya sufu. Juu kabisa vaa koti jepesi linalozuia upepo na theluji. Kisha, ndani ya mkoba, liwepo koti nene la kuvaa mkisimama tu. Usitembee nalo, utalilowesha kwa jasho na kileleni halitakusaidia.

Miguuni vaa suruali ya ndani ya polista na ya nje ya kuzuia maji. Kofia inayofunika masikio. Glavu jozi mbili au zaidi: nyembamba za kutembelea, na nene zisizotenganisha vidole, maana vidole vikikaa pamoja vinapashana joto.

Si lazima utumie pesa nyingi. Maduka ya mitumba ya huku yamejaa sweta za sufu na suruali za polista kwa bei ndogo. Soma kibandiko cha ndani kabla ya kulipa.

Na sasa jambo ambalo vipeperushi vingi havitaji. Tafiti zilizofanywa kwa askari wa Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa askari weusi huumia vidole vya mikono na miguu kwa baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao wazungu. Tena dalili kwenye ngozi yetu ni tofauti. Usisubiri uone wekundu. Tazama ngozi inayopauka na kugeuka kijivu, hasa puani, masikioni, mashavuni na kwenye ncha za vidole. Ganzi ikikuingia, simama hapo hapo, weka mkono kwapani au pua ndani ya kiganja chenye joto. Usisugue, na usipake theluji. Ngozi ikiwa ngumu kama nta, shuka utafute daktari.

Hatua ya 5: Viatu

Buti zisizoingiza maji, zenye nafasi ya kuchezesha vidole. Kuvaa soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana kunazuia damu, na miguu inazidi kupoa. Soksi moja nene ya sufu inatosha, nyingine kavu iwe mkobani.

Njia ya Willard hukanyagwa na watu wengi, kwa hiyo theluji yake hushindiliwa ikawa ngumu na yenye utelezi. Unahitaji minyororo yenye meno ya chuma inayovalishwa juu ya kiatu kwa mpira. Hii nunua au kodi, usiiache. Theluji mpya ikiwa imefika juu ya kifundo cha mguu, kodi viatu vipana vya theluji, vinginevyo utazama kila hatua na kuacha mashimo yatakayoganda na kuvunja mguu wa mwingine. Katika sehemu ya milima mirefu ya Adirondack, jimbo la New York, kuvivaa, au kuvaa mbao za kuteleza (ski), ni sheria theluji ikifika sentimita 20.

Hatua ya 6: Mkoba

Tochi ya kichwani na betri za akiba, hata kama mnarudi mchana. Ramani ya karatasi. Filimbi, kiberiti, dawa za huduma ya kwanza, kipande cha godoro jembamba la kukalia. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi inamaliza betri upesi.

Maji beba kwenye chupa yenye mdomo mpana, uigeuze kichwa chini ndani ya soksi: maji huanza kuganda kwa juu, kwa hiyo barafu itakuwa kwenye kitako na kifuniko kitafunguka. Mifuko ya maji yenye mrija inaganda mrija. Chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha haina mpinzani. Chakula kiwe cha kuliwa na glavu mkononi: maandazi, tende, karanga, chapati iliyokunjiwa yai. Gawa kidogo kidogo kwenye mifuko ya koti, mle kila baada ya nusu saa.

Hatua ya 7: Njiani

Anza ukisikia baridi kidogo. Baada ya dakika kumi simama, vua sweta kabla jasho halijatoka. Tembea pole pole, kama waongozaji wa Kilimanjaro wanavyohimiza wageni. Kule ni kwa ajili ya hewa nyembamba, huku ni kwa ajili ya jasho. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sawa. Mkifika juu, koti nene kwanza, picha baadaye.

Mwangalie mwenzako. Akianza kujikwaa, kukokota maneno, kushindwa kufunga zipu au kununa ghafla, joto la mwili wake linashuka. Mvalishe nguo kavu, mlishe, mnyweshe chai, mgeuke. Akiacha kutetemeka na bado ana baridi, hiyo ni dharura.

Maswali ya wasomaji

*Asante mwalimu. Mimi ni mtu wa Goma, niko Concord. Nyiragongo nilipanda, mita 3,470. Kwa nini nisianze na Mount Washington moja kwa moja?*

Hongera ndugu, Nyiragongo si mchezo na mapafu yako yatakusaidia. Lakini urefu si shida ya Washington. Shida ni upepo, barafu, na sehemu ndefu isiyo na mti wa kujikinga, ambako kunahitaji meno makubwa ya chuma, shoka la barafu na kujua mahali theluji inapoporomoka. Panda Willard, kisha Mount Pierce kwa njia ya Crawford Path ambayo inaanzia karibu na hapo hapo. Washington nenda baadaye, na mwongozaji.

*Dada wa Portland hapa. Navaa hijabu. Nifanyeje na kofia?*

Dada yangu, acha mtandio wa pamba. Vaa hijabu ya kuchomeka kichwani ya polista, ile ya michezo, na kofia ya sufu juu yake. Isiwe na ncha ndefu wala pini za chuma. Beba ya pili kavu, kwa sababu shingo na nywele hutoa jasho sana. Ibadilishe kabla ya kushuka.

*Kaka, mwanangu ana miaka minane. Aende?*

Aende, mama, ikiwa anatembea mwenyewe na siku ni tulivu. Mtoto anapoa haraka kuliko wewe na hasemi mpaka alie, kwa hiyo gusa vidole vyake mara kwa mara. Juu umshike mkono muda wote. Mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni mwache nyumbani: wewe unapata joto kwa kutembea, yeye hatembei.

*Wazee wangu wanasema konyagi kidogo inapasha mwili moto. Kweli?*

Unasikia joto kwa sababu damu inakimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko inakopozwa. Joto la ndani linapungua. Pombe iwe baada ya kurudi, tena kwa asiyeendesha.

*Samahani kwa swali hili, lakini je haja ndogo? Mimi huwa nakunywa maji kidogo ili nisisumbuke.*

Usiombe samahani, dada, kina mama wengi hufanya hivyo na inawaumiza. Mwili uliokaukiwa maji unapeleka damu kidogo vidoleni. Kunywa. Nenda chooni kabla ya kuanza, na njiani toka mbali kidogo na njia na vijito, huku mwenzako akilinda. Karatasi uliyotumia rudi nayo ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiifukia kwenye theluji itaonekana Aprili.