Jinsi ya kurusha droni bila kumuweka rubani hatarini

Kabla hata hujafunga propela jua hili, sheria karibu kila mahali zinasema ndege yenye mtu ndani ndo inapishwa na anayepisha ni wewe. Rubani anayekuja kasi droni yako kwake ni kidoa tu, mara nyingi haioni kabisa, ila wewe unamsikia.

Angalia ramani ya anga, ile inayoonyesha wapi hairuhusiwi kurusha, siku hiyohiyo, usisubiri droni ikukatalie yenyewe maana ramani iliyomo ndani inaweza kuwa ya zamani na zuio la muda lisionekane. Nchi nyingi mwisho wa kupanda juu ni mita 120, na usiipoteze machoni, nasema macho yako sio skrini. Mwaka 2017 kule New York jamaa mmoja aliipeleka kama kilomita 4 huko akiangalia tableti, ikagonga helikopta ya jeshi na hakujua mpaka wachunguzi walipomtafuta. Penye moto ndo usitoe kabisa kwenye begi, Januari 2025 Los Angeles droni ilitoboa bawa la ndege inayomwaga maji, ndege ikakaa chini siku kadhaa na moto unawaka, inauma sana.

Sasa setingi ambayo wengi hawaigusi, ile ya kurudi yenyewe. Mawasiliano yakikatika droni nyingi hazirudi moja kwa moja, zinapanda kwanza mpaka urefu uliouweka alafu ndo zinarudi, so ukiwa umeweka 120 na mti mrefu kuliko yote hapo una mita 25 umeipeleka bure kwenye njia ya helikopta. Weka 40 inatosha, na ukihama sehemu badilisha. Alafu ile namba ya urefu inahesabu kutoka ulipoirushia, sio ardhi iliyo chini yake, ukisimama kilimani ukaipeleka bondeni skrini inasema 100 kumbe chini kuna 250.

Ukisikia mngurumo usianze kuitafuta ndege iko wapi, shusha kwanza. Kwa rimoti nyingi ni stiki ya kushoto, vuta chini mpaka mwisho na ushikilie hapohapo. Usibonyeze kitufe cha kuirudisha, maana mara nyingi itapanda kwanza kama nilivyosema, yani utakuwa unamfuata rubani hukohuko juu! Fanya mazoezi ya hii kitu siku ya utulivu, ipandishe mita 100 alafu uishushe huku unahesabu sekunde. Ikishuka mita 4 kwa sekunde ni sekunde 25, na helikopta yenye spidi ya kilomita 200 kwa saa muda huo imeshakata zaidi ya kilomita moja.

Ikitua zima propela na usirushe tena mpaka sauti ipotee kabisa, helikopta za uokoaji zinazunguka zinarudi palepale.