Kumnoa mchezaji wa bocha wa daraja la BC3

Bocha ni mchezo wa walemavu ambapo kila upande hujaribu kuisogeza mipira yake karibu kabisa na mpira mweupe, ambao ndio shabaha. BC3 ni daraja la wachezaji wa bocha ambao mikono yao haiwezi kurusha mpira. Mpira huteremshwa kwenye rampu, yaani mfereji ulioinama, na msaidizi huigeuza rampu hiyo akiwa ameupa uwanja mgongo. Korea Kusini imechukua dhahabu ya bocha katika kila Paralimpiki tangu 1988, na ya BC3 wanaume Paris 2024 ilikwenda kwa Jeong Ho-won. Kiwango hicho huanzia kwenye sakafu.

Uwanja ni mita 12.5 kwa 6, hivyo darasa la kawaida halitoshi. Tafuta ukumbi wa shule au wa kanisa wenye terazo au saruji iliyosuguliwa. Mita 2.5 za mwanzo ni visanduku 6 vya wachezaji, kila kimoja upana wa mita 1, na ukingo wao wa mbele ndio mstari wa kurushia. Mbele ya mstari huo chora V: mita 1.5 katikati, mita 3 pembeni. Mpira mweupe usipoivuka, haukubaliki. Alama ya msalaba, ya kuwekea mpira mweupe ukitoka nje ya uwanja, iwe mita 5 kutoka mstari wa kurushia. Piga deki, usubiri sakafu ikauke kabisa: vumbi na unyevu wa Dar hubadilisha mwendo wa mpira kuliko kosa la mkono.

Mpira una uzito wa gramu 275 na mzunguko wa milimita 270, hivyo rampu ya bomba la plastiki la inchi 4 inaupokea vizuri. Lijaze bomba mchanga mkavu kabla ya kulipasha moto na kulikunja, la sivyo litabonyea. Likishapoa ndipo fundi akate upande wa juu, kisha apige msasa kingo zote. Ukitengeneza vipande viwili ili rampu ipandike kwenye daladala au bajaji, kipande cha juu kiingie ndani ya cha chini. Kikikaa kinyume, mpira hugonga ukingo na kupinda. Mdomo wa chini ulale sakafuni, maana ukining'inia kidogo tu mpira hudunda. Ikilazwa ubavu, rampu itoshe ndani ya mita 2.5 kwa 1. Breki, leza na kifaa chochote cha kulengea ni marufuku.

Sasa chora alama kila sentimita 5 za kimo. Achia mpira mmoja mara kumi kutoka kila alama, pima unaposimama, andika. Kimo kikiongezeka mara mbili, umbali nao huelekea kuwa mara mbili, lakini usikisie: mpira laini husimama mapema na kukaa pale ulipofika, mgumu hufika mbali na kusukuma mipira ya mpinzani. Kila mpira uwe na ukurasa wake daftarini. Mchezaji aijue hesabu hiyo kwa moyo, kwa sababu uamuzi wote ni wake.

Hapa ndipo wengi hukwama. Msaidizi mara nyingi ni mama au dada, aliyezoea kumwamulia. Mazoezini mchezaji aseme: “Mama, kushoto kidogo. Hapo hapo. Mpira laini, alama ya nane.” Mama atimize bila neno, bila kugeuka. Akichungulia uwanja kwenye mashindano, mpinzani hupewa mpira wa adhabu, yaani mpira wa ziada wa kucheza. Kati ya mpira na mpira rampu lazima izungushwe pembeni ionekane imetoka kwenye mstari wa awali, kisha ilengwe upya. Mchezaji mwenyewe ndiye anayeuachia mpira, kwa mkono, au kwa fimbo iliyofungwa kichwani au mkononi.

Akianza kuufikisha mpira ndani ya sentimita 20 za mweupe mara nyingi zaidi kuliko anavyokosa, waone Kamati ya Paralimpiki Tanzania kuhusu upangaji wa madaraja, yaani kupimwa ili kuthibitisha daraja lake. Nenda na ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa wenyewe na viungo vilivyoathirika. Barua inayosema “mlemavu” tu haitoshi. Mchezaji avae na kukalia kilekile anachochezea, kiti na mikanda yake, kwa kuwa wapimaji humwangalia akicheza pia.