Anza na Kitu, Jiji Lifuate: Namna ya Kupanga Safari Fupi ya Makumbusho

Wanadiaspora wengi tunaoishi Ulaya hupanga mapumziko ya siku mbili au tatu kwa kuanzia kwenye bei ya ndege. Mtu huona tiketi ya bei nafuu ya kwenda jiji asilolifahamu, huinunua papo hapo, na usiku wa kuamkia safari ndipo anapouliza jiji hilo lina makumbusho gani na yanafunguliwa saa ngapi. Kwa safari ya kustarehe tu utaratibu huo hauna ubaya wowote, lakini kwa safari ambayo shabaha yake ni makumbusho, unaweza kumpotezea mtu siku nzima kati ya mbili alizo nazo. Ushauri wangu ni kuugeuza mpangilio huo: chagua kwanza kitu kimoja unachotamani kukiona kwa macho yako, tafuta kimewekwa katika jumba gani na chumba gani, angalia jumba hilo hufunguliwa siku zipi, kisha ndipo ununue tiketi ya ndege au treni.

Chukua mfano wa Berlin. Katika ukumbi mkuu wa Museum für Naturkunde, jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile, kimesimamishwa kiunzi cha mifupa cha dinosau chenye kimo cha mita 13.27. Mifupa hiyo ilichimbwa Tendaguru, katika mkoa wa Lindi nchini Tanzania, kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini Lindi, na aliyewasimamia wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili anayefika pale anastahili kwenda nalo kichwani. Ukisimama mbele ya kiunzi hicho utaona kwamba miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo unateremka kuelekea mkiani kama wa twiga, na ndiyo sababu jina lake la kisayansi, Giraffatitan, limembeba twiga ndani yake. Ukisoma maelezo kwa makini utagundua pia kwamba mifupa ile si ya mnyama mmoja, bali imekusanywa kutoka kwa wanyama kadhaa wa aina hiyo hiyo.

Ukishaamua kwamba hicho ndicho unachokifuata, ratiba yote inaanza kujipanga yenyewe. Jumba la dinosau hufungwa Jumatatu, ilhali Humboldt Forum ya jiji hilo hilo, ambako yamewekwa makusanyo ya sanaa na vifaa vya watu wa Afrika na mabara mengine, hufungwa Jumanne. Anayekwenda Jumamosi na Jumapili hana la kuhofia. Anayefuata nauli nafuu ya Jumatatu na Jumanne anaweza bado kuyaona yote mawili, mradi aanze na Humboldt Forum siku ya kwanza na kumwachia dinosau siku ya pili. Akipindua mpangilio huo, atakuta milango imefungwa siku zote mbili.

Hatua ya kuhakikisha kwamba kitu kinaonyeshwa kweli ndiyo inayorukwa na wengi. Kuwa na kitu na kukionyesha ni mambo mawili tofauti. British Museum ya London ina vitu takribani milioni 8, na vinavyoonekana na wageni kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia 1 tu. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa bonde la mto Tana, imo katika mkusanyiko huo tangu mwaka 1908, lakini imekaa ghalani, na mtu aliyesafiri kwa ajili yake ataondoka bila kuiona hata akizunguka vyumba vyote kutwa nzima. Tovuti za majumba makubwa huwa na sehemu ya kutafuta vitu kimoja kimoja, na katika ukurasa wa kitu husika huandikwa kama kinaonyeshwa na katika chumba cha namba gani. Kikiwa ghalani usikate tamaa mara moja, kwa kuwa baadhi ya majumba yana vyumba vya kusomea ambamo mgeni anaweza kuletewa kitu kwa miadi. Ombi hupelekwa kwa barua pepe wiki kadhaa kabla, likitaja namba ya kitu katika orodha yao na sababu ya kutaka kukiona. Si lazima uwe profesa kuomba. Barua fupi, ya adabu na iliyo wazi inatosha kupata jibu, hata kama wakati mwingine jibu lenyewe ni hapana.

Wakati mwingine jumba zima ndilo lililofungwa. Pergamonmuseum ya Berlin ilifunga milango yake yote Oktoba 2023 kwa ukarabati ambao umepangwa kuendelea, kwa awamu, hadi mwaka 2037, na Centre Pompidou ya Paris ilifungwa mwaka 2025 kwa kazi inayotarajiwa kuchukua miaka mitano. Vitabu vya wasafiri vilivyochapishwa kabla ya hapo bado vinawaelekeza watu huko. Kwa hiyo habari za siku na saa zichukuliwe katika tovuti ya jumba lenyewe, tena karibu na tarehe ya safari. Mimi binafsi nimewahi kusimama chini ya mvua mbele ya lango la jumba moja, nikisoma tangazo dogo la sikukuu ya mahali hapo ambayo sikujua kwamba ipo, na tangazo hilo lilikuwa limewekwa mtandaoni mwezi mzima kabla.

Siku za kufungwa hazifanani hata ndani ya jiji moja. Mjini Paris, Louvre hufungwa Jumanne na Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni yake inalingana na ubure huo. Rijksmuseum ya Amsterdam hufunguliwa kila siku ya mwaka. Kwa mtu anayefika Ijumaa mchana, jambo la thamani zaidi kuliko yote hayo ni jioni ya Ijumaa: British Museum, National Gallery ya London na Louvre huchelewa kufunga siku hiyo, watalii wengi huwa wamekwisha kwenda kula, na vyumba ambavyo saa sita mchana havipitiki huwa vimetulia. Saa mbili za jioni kama hiyo naziona bora kuliko asubuhi nzima ya Jumamosi.

Suala la hati za kusafiria linawahusu wasomaji wa mwongozo huu kuliko msafiri mwingine yeyote, na ndilo lisilotajwa katika miongozo ya kawaida. Mwenye kibali cha ukaazi kilichotolewa na nchi mojawapo ya eneo la Schengen anaruhusiwa kuzitembelea nchi nyingine za eneo hilo kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180, lakini lazima awe na pasipoti halali pamoja na kibali chenyewe; kibali peke yake hakitoshi, na nakala iliyopigwa picha kwa simu haihesabiwi. Anayeishi Uingereza au Ireland kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, na ombi hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Kwa kuwa miadi ya kupeleka maombi hujaa haraka kuelekea miezi ya kiangazi, ni busara viza itangulie na tiketi za makumbusho zifuate, hasa zile zisizorudishiwa fedha.

Kuhusu tiketi, majumba mengi sasa huuza nafasi za kuingia kwa saa maalumu, na baadhi hayauzi chochote mlangoni. Van Gogh Museum ya Amsterdam hutaka kila mgeni awe amenunua tiketi mtandaoni pamoja na saa ya kuingia. Anne Frank Huis ya jiji hilo hilo, nyumba alimojificha msichana Myahudi Anne Frank wakati wa vita, hutoa tiketi kila Jumanne kwa ajili ya ziara za wiki 6 mbele, na humalizika upesi, hivyo anayetaka kwenda huko lazima ahesabu kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya safari na kukaa mbele ya kompyuta siku hiyo ya mauzo. Nunua katika tovuti rasmi ya jumba, kwa maana matokeo ya kwanza ya utafutaji mtandaoni mara nyingi ni ya wauzaji wa kati wanaoongeza bei juu ya kitu kile kile.

Kijana hana budi kuchunguza neno moja kabla ya kulipa: ni uraia au ni ukaazi? Katika majumba ya taifa ya Ufaransa, ikiwemo Louvre, wenye umri wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi katika nchi za Umoja wa Ulaya huingia bure kwa kuonyesha uthibitisho wa ukaazi, kwa hiyo mwanafunzi Mkenya aliyeko Leipzig, Ujerumani, huingia bure kwa kadi yake ya kibali cha ukaazi. Nchini Italia punguzo la vijana wa umri huo katika majumba ya serikali limeandikwa kwa raia wa Umoja wa Ulaya, na kibali hicho hicho hakimsaidii. Wasio na umri huo wana Prado ya Madrid, ambayo hufungua mlango bure saa mbili za mwisho za kila siku.

Ndani ya jumba, adui mkubwa ni uchovu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa jumba la sanaa la Boston aliandika juu ya uchovu wa makumbusho, akionyesha kwa picha jinsi mgeni anavyolazimika kuinama, kuchutama na kupinda shingo ili kusoma vibao vilivyowekwa vibaya. Vibao vimeboreshwa tangu hapo, ila miguu na macho ni yale yale. Panga jumba moja kubwa kwa siku, kwa muda wa saa mbili na nusu au tatu, na dogo moja alasiri ukiwa bado una hamu. Nenda moja kwa moja kwenye kitu chako kabla ya kingine chochote, ukiangalie ukiwa bado una nguvu, halafu ndipo uzurure. Wenye watoto wagawe muda huo kwa nusu, na wawape watoto kazi ya kutafuta mnyama mmoja katika kila chumba. Mimi hubaki nyuma nikisoma, nao hunisubiri mlangoni wakiwa wamekwisha kumwona.

Siku ya mwisho hushindwa na mzigo. British Museum haipokei masanduku ya magurudumu hata kwa kuhifadhi, na Louvre hairuhusu begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Uliza hotelini kama watakushikia sanduku baada ya kutoka chumbani, au litafutie kabati la kulipia katika kituo kikuu cha treni, na uhesabu muda wa kulirudia kabla ya kwenda uwanja wa ndege.