Kiyoyozi uweke nyuzi ngapi: kaskazi, masika, kipupwe na vuli

Kwa nyumba nyingi za Unguja na Pemba jibu fupi ni 26, feni ikizunguka, kisha unapanda au kushuka namba moja kwa msimu. Jibu refu lazima liguse unyevu, maana visiwani kinachomchosha mtu si joto peke yake. Nyuzi 28 za Julai, kusi ikivuma, mtu anakaa barazani bila neno. Nyuzi 28 hizo hizo za Aprili, mvua imekatika na upepo umetulia, shuka linanata mgongoni.

Kwanza ujue kuwa namba ya kwenye rimoti si joto la kitandani. Kihisi kimo ndani ya mashine, juu ukutani, na kinapima hewa inayovutwa karibu na dari. Nunua kipimajoto kidogo cha betri chenye kipimo cha unyevu, kiweke juu ya meza ya kando ya kitanda, mbali na jua na mbali na upepo wa mashine. Washa kiyoyozi kwenye 26, funga mlango, subiri nusu saa, kisha usome. Kikionyesha 24, basi 26 ya rimoti yako ni 24 ya kweli, na unaweza kupanda hadi 27 au 28 bila kupoteza kitu. Unyevu utafute kati ya asilimia 50 na 60. Ukikaa juu ya 70 kwa siku kadhaa, kuvu itaanza kabatini kabla hujaiona ukutani.

Kuweka 16 ili chumba kipoe upesi hakusaidii. Kompresa, yaani pampu ya gesi, ya kiyoyozi cha kawaida ina mwendo mmoja tu: ama inazunguka, ama imesimama. Chumba kitashuka kutoka 31 hadi 26 kwa muda ule ule, uwe umeweka 16 au 26. Tofauti ni kwamba kwenye 16 mashine haitasimama. Cha inveta hubadilisha mwendo, lakini chumba kikiwa cha moto hukimbia kwa nguvu zake bila ya kuhimizwa. Ukitaka upesi, ongeza kasi ya upepo wa mashine kwa dakika 20 za mwanzo, namba uiache.

Kaskazi

Kuanzia Disemba hadi mwanzoni mwa Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku mara nyingi haushuki chini ya 24. Kazi ya kwanza hufanywa mchana, nayo ni kufunga mapazia ya madirisha ya magharibi kabla jua halijageuka. Jioni, kabla ya kuwasha, fungua madirisha dakika kumi ili hewa ya moto iliyofungiwa itoke. Funga, weka 25 na upepo wa kasi kwa nusu saa, kisha panda hadi 26 au 27 na uwashe feni ya dari kwa mwendo mdogo. Upepo wa feni humfanya mtu ahisi ubaridi wa nyuzi mbili hadi tatu zaidi, nayo hula wati 50 hadi 75 tu, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) hula wati 1,000 na kitu. Feni haipoozi chumba, inampooza mtu, ukitoka, izime.

Nyumba za Mji Mkongwe zina tabia yake. Kuta za mawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, hunywa joto mchana kutwa na kulitoa baada ya Isha. Ukiwasha saa nne usiku ukitaka kulala saa nne na nusu, utaona mashine haifui dafu, na mkono utakwenda kwenye 18. Washa saa mbili, kwenye 26, uiache ishindane na ukuta polepole. Nyumba ya bati isiyo na dari ni kinyume chake: hupoa haraka usiku, lakini saa nane mchana hakuna namba itakayosaidia. Pesa za kununua mashine kubwa zaidi zitumie kuweka dari. Madirisha ya luva nayo yavujisha hewa kila upande. Yazibe kwa nailoni au vioo kabla hujamlaumu fundi.

Hesabu ya uniti ni rahisi. Mashine ya wati 1,100 ikizunguka bila kusimama kwa saa nane hula uniti 8.8. Ikizunguka asilimia 60 ya muda huo, kwa sababu 26 inafikika, hula 5.3. Usiamini hesabu yetu tu: soma mita ya umeme ya TUKUZA unapolala na unapoamka, usiku tatu kwenye 26 na usiku tatu kwenye 23, vitu vingine vya ndani vikibaki vile vile.

Masika

Huu ndio msimu unaoharibu nyumba, na wengi huupita kwa namba ya kaskazi. Hewa ya Aprili yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85 huanza kutoa maji ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Sasa fikiria chumba kilichokaa kwenye 20 usiku kucha. Kioo, ukuta, mlango wa kabati, vyote vimekuwa baridi; mlango ukifunguliwa asubuhi, hewa ya nje inaingia na kila kitu kinatoka jasho. Ukuta hupoa pande zote mbili, ndiyo maana kuvu huota hata ukumbini kusiko na kiyoyozi, na fundi rangi analaumiwa bure. Buibui, kanzu na viatu vya ngozi ndivyo vya kwanza kunuka. Kwenye 26 ukuta hubaki juu ya kiwango hicho, na jambo hilo halitokei.

Kwa hiyo katika masika usishushe namba, badilisha hali ya mashine. Tafuta kwenye rimoti alama ya tone la maji. Hapo upepo hupungua, hewa hupita polepole juu ya koili, yaani mabomba baridi ya ndani ya mashine, na kuacha maji mengi zaidi. Kompresa ikisimama, feni ya ndani nayo husimama au hupungua. Kwenye alama ya theluji, yaani hali ya kawaida ya kupooza, mara nyingi feni hiyo huendelea kuvuma na kuyarudisha chumbani maji yaliyobaki kwenye koili. Tumia tone saa mbili kabla ya kulala, ukiwa umefunga madirisha, kisha rudi kwenye theluji, 26 au 27, ikiwa bado kuna fukuto. Wakati wa kaskazi tone halifai, halina nguvu ya kupooza.

Mashine kubwa kuliko chumba huleta shida hiyo hiyo. BTU 18,000 katika chumba cha mita 3 kwa 4 hufikia namba kwa dakika chache na kusimama kabla ya kukausha hewa, nawe unalala kwenye baridi yenye majimaji. Chumba hicho chatosha BTU 9,000.

Kipupwe na vuli

Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi 22 au chini kidogo. Zima. Fungua dirisha la upande wa kusini na jingine la upande wa pili, upepo upite. Kabla ya kuiacha mashine miezi miwili, iendeshe kwa alama ya feni peke yake kwa saa moja ili koili ikauke, zima swichi yake na utoe betri za rimoti. Vuli, Oktoba hadi Disemba, haina namba yake: siku ya mvua ifanye kama masika, siku ya jua kama kaskazi.

Msimu wowote, weka taima izime saa kumi alfajiri. Kuanzia hapo hadi jua kuchomoza ndipo nje panapopoa zaidi. Mtoto mchanga asilale kwenye njia ya upepo wa mashine; gusa kifua chake, si vidole, kujua kama amepata baridi.

Namba isipofikika, anza na filta: ioshe kwa maji kila wiki mbili, ikauke kivulini. Barafu kwenye koili maana yake filta imeziba au gesi imepungua. Maji yakidondoka ndani, mpira wa kutolea maji umeziba kwa ute au umepinda kwenda juu. Kwa nyumba za ufukweni, Nungwi au Jambiani, chumvi hula mapezi ya mashine ya nje. Zima umeme, uimwagie maji baridi ya kawaida kwa mpira usio na kasi mara moja kwa mwezi. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha, mgandamizo wa gesi usawazike, la sivyo kompresa itajaribu kuanza ikiwa imebanwa, na inaweza kuungua.