Somo: Kumlisha kasuku chakula cha sokoni, na kumpa kazi ya kukitafuta

Habari zenu wanachama. Kila mara mtu anaweka hapa picha ya kasuku aliyejinyonyoa manyoya kifuani, akiomba dawa. Kujinyonyoa kuna sababu nyingi, lakini tukiuliza ndege anakula nini, jibu ni lilelile: alizeti, na njugu kidogo. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Wengi tunawazika mapema kwa kuwapa mbegu tupu, ilhali chakula kinachowafaa kiko soko la Kibuye hapa Kisumu na Soko la Wakulima Nakuru kwa bei ya mboga.

Tuanze na kibali. Mwaka 2016 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa Kenya huruhusiwi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kama wako hana karatasi, nenda ofisi ya KWS ya kaunti yako. Bila karatasi hata kumpeleka kwa daktari utaogopa, na hapo anayeumia ni ndege.

Hatua ya 1: Elewa anachokosa

Alizeti ina mafuta mengi, kalisiamu kidogo, na vitamini A karibu hamna. Mafuta yale yanajaa kwenye ini. Upungufu wa vitamini A huja polepole: chafya, pua kuziba, madoa meupe ndani ya mdomo, mafua yasiyokwisha. Kalisiamu ndiyo ya kuogopa zaidi kwa kasuku wa kijivu, maana damu yake huishiwa nayo haraka kuliko ya kasuku wengine. Anaanza kutetemeka, miguu inalegea, anaanguka kutoka kwenye kijiti, na mwisho anashikwa na kifafa.

Hatua ya 2: Mpime kabla ya kubadilisha chochote

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime asubuhi kabla hajala, uandike. Kasuku wa kijivu mkubwa mwenye afya huwa kati ya gramu 400 na 500 hivi. Manyoya yanaficha ukondefu, kwa hiyo usitegemee macho. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, simamisha mabadiliko umwone daktari wa mifugo.

Hatua ya 3: Chungu cha wiki

Hiki ndicho chakula kikuu. Ukiweza kununua peleti za kasuku, yaani vile vidonge vya chakula vya dukani, mpe pia, zinasaidia sana. Usipoweza, chungu hiki pamoja na mboga kitambeba vizuri kuliko mbegu.

Loweka usiku kucha kikombe kimoja cha maharagwe na kimoja cha ndengu, katika vyombo tofauti. Asubuhi mwaga maji yale. Chemsha maharagwe kwa moto mkali angalau dakika 10, kisha endelea mpaka yaive kabisa. Maharagwe mabichi au nusu mabichi ni sumu kwa ndege. Ndengu zinaiva upesi, zipikie kando. Pika pia kikombe cha mtama na nusu kikombe cha wimbi mzima. Wimbi usiuache: una zaidi ya miligramu 300 za kalisiamu kwa kila gramu 100, na nafaka nyingine tunazokula haziukaribii. Usitie chumvi, mafuta, kitunguu wala viungo vya dukani kama royco.

Changanya vyote, vipoe, kisha katakata humo karoti, malenge na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa. Vile viazi vyeupe vina ladha nzuri, lakini vitamini A tunayoitafuta iko kwenye ile rangi. Gawa katika vifungu vidogo, weka kwenye friza, utoe kimoja kila jioni kwa ajili ya kesho. Vijiko viwili vitatu vikubwa vinatosha asubuhi. Kwa joto la Kisumu, kilichobaki kiondoe baada ya muda wa saa mbili, kinachacha.

Hatua ya 4: Mboga kila siku, matunda kidogo

Sukuma wiki, majani ya kunde, majani ya malenge, brokoli, pilipili hoho. Ioshe mboga sana, maana dawa za shambani hukaa kwenye majani. Spinachi na terere mpe mara mojamoja tu, kwa sababu zina asidi inayoshika kalisiamu isiingie mwilini. Pilipili kali nayo mpe nzima: ndege hawahisi ule ukali, na utamwona akiitafuna kokwa kwa kokwa huku wewe macho yanakuwasha.

Matunda: papai pamoja na mbegu zake, pera, embe, pasheni, komamanga. Kipande kidogo, kwani sukari ni nyingi. Njugu na alizeti sasa ziwe zawadi ya mafunzo, chache kwa siku, kutoka mkononi mwako.

Kwa kalisiamu ya ziada, chemsha maganda ya mayai dakika 10, yakauke, yasage, unyunyize kidogo kwenye chakula mara mbili tatu kwa wiki. Pamoja na hayo anahitaji jua. Mtoe nje kwa kizimba asubuhi, nusu yake ikiwa kivulini, na wewe ukiwa hapo kwa sababu ya paka na mwewe. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii kutengeneza vitamini D.

Hatua ya 5: Badilisha polepole

Kasuku aliyezoea mbegu anaweza kukaa na njaa mbele ya chakula kizuri kwa sababu hakitambui kama chakula. Usimnyime mbegu ghafla. Asubuhi anapoamka na njaa, weka chungu cha wiki peke yake kwa saa moja au mbili, kisha rudisha mbegu kidogo kuliko jana. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, wengine miezi. Kula mbele yake pia: kasuku ni ndege wa kundi, anaamini anachoona mwenzake akikitia mdomoni.

Hatua ya 6: Akitafute

Hapa ndipo wengi wanapoachia, nami naona ni nusu ya somo. Kasuku wa porini hutumia sehemu kubwa ya siku akiruka kutoka mti hadi mti, akipasua, akimenya, akichagua. Sisi tunampa bakuli, anamaliza kwa dakika 15, kisha saa zote zilizobaki hana la kufanya. Anaanza kupiga kelele. Anaanza kunyonyoa manyoya yake mwenyewe.

Chukua gunzi la mahindi lililokauka. Toboa matundu kwa msumari, upana wa kidole kidogo. Shindilia ndani ya kila tundu ndengu zilizopikwa au kipande cha karoti. Lifunge kwa maganda ya mahindi, kaza kwa ukanda wa ganda lenyewe, ulitundike. Mara ya kwanza acha chakula kimoja kinaonekana nje, asije akalidhani adui. Atalizunguka, ataligusa kwa ulimi, atavuta ganda moja alidondoshe, atulie kulitazama likianguka. Akishapata ndengu ya kwanza, hutamsikia tena mpaka gunzi liwe vumbi.

Mengine: mahindi mabichi yakiwa kwenye gunzi lake, fungu la sukuma wiki lililoloa maji likining'inia juu ya kizimba, tawi la mpera lenye majani. Tawi lolote lioshe, na usikate kwenye ua wa lantana, ni sumu. Kamba zenye nyuzi zinazochomoka usitumie, zinanasa vidole.

Hatua ya 7: Visivyoruhusiwa kabisa

Avokado iwe ya kwanza, na naomba mnisikie, maana huku kwetu kila boma lina mti wake. Tunda, kokwa, jani, vyote vinaua ndege, tena kwa haraka. Kachumbari yenye avokado pia. Halafu chokoleti, kahawa, chai, pombe, chumvi, vitunguu, mbegu za tofaa. Njugu na mahindi yenye ukungu tupa, usijaribu kuosha: aflatoksini, sumu ya ukungu, ya kwenye mahindi iliua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004, sembuse ndege wa nusu kilo. Na asikae jikoni. Moshi wa jiko la makaa unamdhuru, na kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoweza kumuua mara moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Kondele, Kisumu: Mwalimu, wangu mboga zote anazitupa chini. Niache?

Usiache, ndugu yangu. Kutupa ni hatua, ina maana ameshaigusa kwa mdomo. Jaribu kuibadilisha umbo: leo ikatwe ndogo sana, kesho jani zima lililoloa. Wapo wanaokataa karoti mbichi wakapenda iliyochemshwa.

Nakuru: Peleti ni ghali. Naweza kumpa chakula cha kuku wa mayai?

Hapana, dada. Kile kina kalisiamu ya kuku anayetaga kila siku, na vyakula vingine vya kuku hutiwa dawa. Pika chungu.

Busia: Ugali na omena tunavyokula sisi, anaweza kula?

Omena, yaani dagaa, iliyochemshwa bila chumvi, moja mbili kwa wiki, sawa. Ugali tonge dogo haumdhuru, ila humshibisha bila faida.

Kakamega: Kuna kijana anauza kifaranga, anasema kimetoka msituni. Nikinunua nimlishe nini?

Mzee wangu, tafadhali usinunue. Huo ni uhalifu, na kasuku waliobaki msitu wa Kakamega ni wachache mno. Ukitoa pesa, atapanda mti mwingine. Pigia KWS simu leo.

Vihiga: Vitamini za maji nazo?

Maji yawe maji tu, yabadilishwe mara mbili kwa siku. Dawa zikibadilisha ladha atakunywa kidogo, na bakteria huzaana humo.

Nyalenda, Kisumu: Wangu tangu juzi anatetemeka mabawa, na jana ameanguka kijitini. Anakula alizeti pekee. Nianze na maganda ya mayai?

Dada, usianze na chochote nyumbani. Mtie kwenye katoni yenye kitambaa chini na matundu ya hewa, iwe na giza na joto, umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Mwambie anakula alizeti tupu, na uulize kuhusu kalisiamu; akiona inafaa atamchoma sindano. Maganda ya mayai yatasubiri mpaka arudi.