Ekseli ya nyuma ya DX: kuchagua, kupima na kufunga

Corolla DX nyingi zinazofika karakana yetu hapa Nakuru zimeshabadilishwa injini, giaboksi, viti, hata usukani, lakini ekseli ya nyuma ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mwenye gari huja akilalamika kwamba difu (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) inalia, au hafushafti (fimbo inayotoka difu hadi tairi) imekatika alipokuwa anaachilia klachi. Hilo halishangazi. Ekseli ya KE70, ndiyo hiyo DX, iliundiwa injini ndogo ya 3K au 4K, yenye torki (nguvu ya kuzungusha) isiyofika Nm 110, na kraun ya difu, yaani gia yake kubwa ya ndani, ina kipenyo cha takriban inchi 6. Ukiweka injini ya 4A-GE, yenye Nm 149 hivi, umeongeza karibu nusu. Ukiweka 3S-GE unakaribia Nm 200 au kuzivuka.

Kabla hujaingiwa na tamaa ya kubadilisha sehemu yote ya nyuma ili kila tairi iwe na saspensheni yake, kumbuka kwamba Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun zenye ekseli ngumu ya nyuma. Ekseli ngumu ikiwa na vipimo sahihi inatosha kabisa. Haya ninayoeleza ni ya DX saluni, yenye koili springi na mikono minne. Kama yako ni steshoni yenye springi za mabamba, hatua za kupima ni zile zile ila kazi ya braketi ni nyepesi zaidi.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo

Chukua torki ya injini, zidisha kwa uwiano wa gia ya kwanza. 4A-GE na giaboksi ya T50: 149 mara 3.587 ni karibu Nm 534 zinazofika kwenye pinioni (gia ndogo inayozungusha kraun), na hapo hujaachilia klachi ghafla. Ukiiachilia ghafla juu ya lami kavu, mshtuko unazidi hesabu hiyo. Kwenye murram tairi huteleza kabla chuma hakijalemewa, ndiyo maana gari inayocheza rali Solai au Elementaita inaweza kuvumilia difu ambayo ingevunjika upesi kwenye lami. Kwa hiyo jiulize mambo mawili: gari ina torki kiasi gani, na tairi zake zinashika kiasi gani. Tairi pana na laini ndiyo inayoua difu kuliko mwendo.

Hatua ya 2: Chagua ekseli ya kuweka

Kwa 4A-GE, chaguo safi ni ekseli ya AE86, ile Corolla ya michezo, yenye kraun ya inchi 6.7. Inafuata mpangilio ule ule wa mikono minne, na ile ya twin cam inakuja na breki za diski. Ubaya wake ni jina. Ikishatajwa AE86 muuzaji anapandisha bei mpaka unashangaa, na nyingi zimeshachoka kwa kuchezewa. Corolla nyingine za kizazi cha DX zilizokuwa na injini kubwa, kama TE71, zina difu ya familia hiyo hiyo na hakuna anayezigombania. Mimi ningetafuta hiyo kwanza.

Kwa 3S-GE, au injini ya turbo ya 1JZ inayopita Nm 350, nenda kwa ekseli ya Hilux yenye kraun ya inchi 8. Ni nzito, ni pana, na hakuna braketi yake hata moja inayolingana na DX. Lakini spea zake zinapatikana kila mahali, kuanzia sili, beringi, hadi kraun na pinioni, kwa sababu nusu ya mashamba ya Rift Valley yanaendeshwa na Hilux. Gari ya mashindano ikiharibika Jumamosi jioni, jambo hilo lina thamani kuliko kilo chache ulizookoa.

Chagua kwa upana pia. Pima kutoka uso wa flenji moja ya tairi hadi nyingine kwenye ekseli yako, kisha pima ile unayotaka kununua. Tofauti ya milimita chache kila upande unaimaliza kwa rimu zenye ofseti tofauti. Ikizidi hapo, tairi inagusa fenda.

Hapa watu huniambia, "Fundi, tukate hafushafti tuichomelee." Sikubali, na fundi anayekubali mkimbie. Hafushafti imekaushwa kwa moto ili uso wake uwe mgumu. Ukiichomelea, joto linaharibu ugumu huo na chuma kinabaki dhaifu pembeni mwa mshono. Kwa ekseli hizi, hafushafti ndiyo inayoshika tairi. Ikikatika nje ya beringi, tairi na dramu vinaondoka pamoja. Kama lazima ekseli ifupishwe, nyumba yake ikatwe ikiwa imeshikwa kwenye fimbo nyoofu inayopita kwenye viti vya beringi, na hafushafti zitengenezwe upya au zikatwe meno mapya na mtu mwenye mashine ya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Kagua ukiwa bado kwa muuzaji

Nenda na spana, tochi, rula na kitambaa cheupe. Usikubali ekseli iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa. Rangi hiyo huficha nyufa na alama za welding. Angalia mirija ya pande zote mbili kwa jicho moja, kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Ikiwa imepinda, iache.

Fungua nati ya kujazia oili, ingiza kidole. Oili nyeusi si tatizo. Oili ya rangi ya maziwa ina maana maji yameingia. Ukipangusa kidole kwenye kitambaa na kuona unga laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazokwaruza kidole ni meno yanayovunjika.

Shika flenji ya pinioni, isukume na kuivuta. Isicheze hata kidogo kwenda mbele na nyuma. Kisha izungushe taratibu ukisikiliza: beringi mbovu unaisikia mkononi kabla hujaisikia sikioni. Mwombe muuzaji atoe kichwa cha difu. Kwenye ekseli hizi za Toyota hafushafti huvutwa nje kidogo, nati za kukizunguka hufunguliwa, na kichwa chote hutoka mbele. Ukiona meno ya kraun yana alama ya buluu, difu hiyo ilikimbizwa bila oili.

Hatua ya 4: Uwiano

Hesabu meno ya kraun, gawanya kwa ya pinioni. Meno 43 kwa 10 ni 4.3; 41 kwa 10 ni 4.1. Kama huwezi kufungua, zuia tairi moja isizunguke, zungusha nyingine mizunguko miwili kamili, halafu hesabu propela (shafti inayotoka giaboksi hadi difu) imezunguka mara ngapi. Hiyo ni kwa difu ya kawaida. Kwa LSD (difu inayozuia tairi moja isizunguke peke yake) tairi zote zizunguke pamoja, mzunguko mmoja tu.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari iliyosifiwa Japani kwa 3.9 hapa inaonekana imelala. Kwa tairi za 185/60R14 na gia ya tano ya T50, uwiano wa 4.3 unakupa mizunguko 3,400 hivi kwa dakika ukiwa 100 km/h, na 4.1 inakupa karibu 3,240. Kwa mtu anayeenda Nairobi kila wiki, 4.1. Kwa anayepanda Mau Summit na kucheza murram, 4.3, wala sioni haja ya kubishana.

Hatua ya 5: Braketi na pembe ya pinioni

Hapa ndipo kazi nyingi za jua kali zinapoharibikia. Gari ikae juu ya stendi, uzito wote ukiwa kwenye springi kama inavyokaa barabarani. Usipime ikiwa inaning'inia. Weka simu yenye programu ya kupimia pembe kwenye uso wa flenji ya giaboksi, andika. Weka kwenye flenji ya pinioni, andika. Nyuso hizo mbili zinatakiwa ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1, na krosi (viungo) za propela zifanye kazi kwa digrii 1 hadi 3 hivi. Pembe zikikosana, propela itatetemeka kwa kasi fulani na utabadilisha krosi kila mara ukidhani ni spea duni.

Shikiza braketi kwa matone ya welding tu, ingiza mikono yote minne na rodi ya panhard (inayozuia ekseli isiende pembeni), kisha pima umbali kutoka kila tairi hadi sehemu moja ya chasi, kushoto na kulia. Vikilingana ndipo uchomelee kikamilifu, vipande vifupi vifupi ukibadilisha pande. Ukichoma mshono mrefu kwa mkupuo mmoja, mrija unapinda kwa joto na beringi za nje hazitadumu.

Hatua ya 6: Kupanga difu

Ukibadilisha kraun na pinioni, zinunue zikiwa pea. Bushi inayobonyea katikati ya beringi za pinioni haitumiki mara mbili. Kwa difu nyingi za Toyota, mchezo kati ya meno uwe milimita 0.13 hadi 0.18 kwa saa ya kupimia, siyo kwa kutikisa na mkono. Paka meno rangi ya alama na uzungushe: alama ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana, punguza shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi). Ikikaa kwenye ncha, ongeza.

Kuhusu kuchomelea difu ili tairi zote zizunguke pamoja: kwa uwanja wa vumbi, sawa. Kwa gari ya barabara ya umma, kila kona unaburuza tairi moja na kuzitesa hafushafti. Subiri upate LSD.

Hatua ya 7: Breki na vent

Diski nyuma mahali palipokuwa na dramu zinabadilisha mgawanyo wa breki. Tairi za nyuma zikijifunga kabla ya za mbele, gari inazunguka, kwa hiyo weka valvu ya kurekebisha presha na uijaribu mahali wazi, kwenye kasi ndogo, kabla hujaiteremsha mteremko wa Salgaa. Hakikisha hendibreki inashika mlimani.

Vent ya hewa juu ya ekseli isafishwe na ipewe mpira mrefu unaopanda hadi karibu na bodi. Ikiziba kwa vumbi, presha husukuma oili kupitia sili hadi kwenye breki.

Hatua ya 8: Kuizoesha

Jaza oili ya GL-5 80W-90, au ile ya LSD kama unayo. Nenda Njoro na urudi bila kukanyaga, acha ipoe kabisa. Rudia hivyo kwa siku kadhaa, na baada ya kilomita 500 mwaga oili uweke nyingine, kisha ukaze upya nati zote za mikono.

Ikilia ukikanyaga mafuta au ukiachilia tu, rudi kwenye alama za meno. Ikigonga unapoanza kuondoka, angalia mchezo wa meno na krosi. Ikinguruma na sauti ikabadilika ukikata kona, ni beringi ya tairi.