Kukagua chakula cha pakiti kama ni halali: namba ya E haikuambii chanzo

Namba za E ni misimbo ya viongezi vya chakula inayoandikwa kwenye pakiti. Orodha za "namba za E za haramu" zinazozunguka kwenye simu zimewafanya watu kuacha vilivyo halali na kula vyenye shaka. Kosa lake ni kuhukumu namba. Namba hutaja kitu ni nini, haisemi kimetoka wapi, na hukumu iko kwenye chanzo. Utaratibu huu unafuata chanzo.

Hatua ya 1: Ondoa visivyohitaji ukaguzi

Asili ya vyakula ni uhalali. Nafaka, matunda, mboga, mayai, maziwa, asali na samaki ambavyo havijaongezwa kitu havina haja ya uchunguzi. Unatafuta mambo manne makuu: nguruwe, mnyama asiyechinjwa kisheria, damu na kilevi. Nyama mbichi haiamuliwi kwa kusoma viambato. Hapo swali ni nani amechinja na amechinja vipi.

Hatua ya 2: Tazama nembo

Neno "halal" lililochapwa peke yake ni kauli ya mwenye bidhaa. Tafuta jina la chombo kilichothibitisha, kama JAKIM ya Malaysia, MUIS ya Singapore au IFANCA ya Marekani, kisha ihakikishe bidhaa kwenye tovuti ya chombo hicho. Cheti hutolewa kwa bidhaa, hakitolewi kwa jina la kampuni. Ladha ya kuku inaweza kuwa nacho na ladha ya jibini isiwe nacho.

Hatua ya 3: Soma viambato

Maneno ya kukufanya urudishe pakiti papo hapo: "pork", "lard", "bacon". Kwenye lebo za Kifaransa ni "porc" na "saindoux", za Kijerumani "Schwein" na "Schmalz", za Kihispania "cerdo", za Kiitaliano "strutto".

Kisha tumia sheria ya vizio, yaani vyakula vinavyowadhuru watu wenye mzio. Katika Umoja wa Ulaya na nchi nyingi nyingine, soya, mayai, maziwa na samaki ni lazima vitajwe. Kwa hiyo lesithini (E322) ya soya au ya mayai itaandikwa hivyo. Jelatini ya samaki nayo, ikiwa ni kiambato chenyewe, itataja samaki. Ukiona "gelatin" bila neno samaki, chukulia ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Namba E441 usiisubiri: lebo za siku hizi huandika jina la jelatini lenyewe.

Hatua ya 4: Gawa namba za E

Zisizo na tatizo la chanzo: E300, E406, E410, E412, E415, E440 na E330. Hii ya mwisho, asidi ya sitriki, imesingiziwa mengi. Viwandani hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa kuvu aitwaye Aspergillus niger, na haina uhusiano wowote na nguruwe.

Zenye uwezekano wa mmea au mnyama: E422, E471, E472, E481, E482, E491 hadi E495, E570, E572. Ongeza E631 na E635, ambazo hukaa kwenye viungo vya tambi za haraka na chipsi za pakiti. Hizi hutoka kwenye nyama, samaki au uchachushaji. E920 ya kwenye unga wa mkate hupatikana kwenye manyoya ya ndege, kwenye nywele, au kwa uchachushaji.

Zenye ikhtilafu ya wanazuoni: E120, rangi nyekundu ya wadudu, na E904, utomvu wa wadudu unaong'arisha peremende. MUI, baraza la wanazuoni la Indonesia, iliruhusu rangi ya E120 kwa fatwa ya mwaka 2011, ilhali Mahanafi wengi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, huikataza. Fuata mwanachuoni unayemwamini, na usimlazimishe mwenzako.

Hatua ya 5: Mwandikie mtengenezaji

Muda mwingi hupotea hapa, na mara nyingi sababu ni swali lenyewe. Ukiuliza "Je, bidhaa yenu ni halali?" utajibiwa "Bidhaa hii haina cheti cha halali", jambo ambalo pakiti ilikwisha kukuambia. Mhudumu wa wateja si mufti. Mwulize anachoweza kukitazama kwenye kumbukumbu za kiwanda. Andika hivi:

"E471 iliyomo inatokana na mafuta ya mmea, ya mnyama, au mnatumia yote mawili? Kama ni mnyama, ni yupi? Ladha na rangi zilizomo zimeyeyushwa au kubebwa na kitu gani: alkoholi, gliserini au jelatini? Namba ya msimbopau ni hii, imetengenezwa nchi hii, na tarehe ya mwisho wa matumizi ni hii."

Badilisha E471 kwa namba uliyoikuta, lakini usiache nchi wala msimbopau. Biskuti yenye jina moja huokwa kwenye viwanda vya nchi mbili kwa mafuta ya wauzaji tofauti. Jibu la bidhaa ya nchi nyingine halikuhusu, hata kama picha kwenye pakiti ni ile ile.

Swali la ladha na rangi halitoshelezwi na lebo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 haiwalazimishi watengenezaji kutaja vibebeo vya viongezi (vitu vinavyoyeyusha au kushika kiongezi) wala visaidizi vya uchakataji (vitu vinavyotumika wakati wa kutengeneza tu). Jelatini iliyoshika rangi au alkoholi iliyoyeyusha ladha inaweza kupita bila kuandikwa. Ndiyo maana programu za simu za kuskani msimbopau sizipendekezi kama hakimu. Zinasoma lebo ile ile uliyoisoma wewe.

Sasa pima majibu, kwa sababu mengi huonekana mazuri kuliko yalivyo:

"Haina nguruwe." Haitoshi. Mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kisheria bado yanaweza kuwamo.

"Inawafaa wasiokula nyama." Hili linaondoa shaka ya mafuta ya mnyama na jelatini, na kwangu ndilo jibu fupi lenye faida zaidi. Halisemi lolote kuhusu alkoholi, kwa hiyo uliza tena sehemu hiyo. Nembo ya kosher ina upungufu huo huo, kwani Mayahudi wanaruhusiwa divai.

"Hatuongezi pombe." Kiwanda huenda hakiongezi, ila ladha imewafikia ikiwa tayari imeyeyushwa. Rudia: "Je, msambazaji wa ladha anatumia alkoholi?"

"Hutegemea msambazaji." Hiyo ni shubha, yaani jambo lenye shaka. Iache, hasa kama ipo nyingine iliyo wazi.

Ukipata jibu la jumla lisilotaja namba uliyouliza, omba barua ipelekwe idara ya ubora. Jibu lenye faida hutaja kiongezi kwa jina na chanzo chake. Lihifadhi pamoja na tarehe na picha ya viambato, na pakiti ikibadilika uliza upya.

Hatua ya 6: Jibini, vanila na siki

Jibini hugandishwa kwa renneti, yaani kimeng'enya cha kugandisha maziwa. Ikiandikwa "microbial rennet" imetoka kwa vijidudu, na shaka ya mnyama imeondoka. Ya tumbo la ndama hutegemea uchinjaji: Abu Hanifa aliihesabu tohara hata mnyama akiwa nyamafu, Mashafii hawakubali. Unga wa "whey", yaani maji ya maziwa yaliyogandishwa, hutokana na utengenezaji wa jibini, kwa hiyo una swali hilo hilo.

Ukiona "vanilla extract", jua kwamba nchini Marekani sheria inaitaka iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Nunua vanila ya unga au iliyoyeyushwa kwa gliserini ya mmea.

Siki iliyogeuka yenyewe kutoka kwenye divai ni halali kwa wanazuoni wote. Iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu, Mahanafi wanairuhusu na Mashafii wanaikataa. Siki ya tufaha au ya nafaka hukuepusha na "wine vinegar". Ila "wine" ikiandikwa yenyewe kwenye sosi, bila neno siki, hiyo ni divai, na pakiti inarudi rafuni.